Arobaini ya Zabibu, paka aliyekatwa mkia

Zabibu alikuwa amelala chini ya bajaji iliyoegeshwa mbele ya nyumba yetu, Ngamiani, Tanga, kama alivyozoea kila adhuhuri ya kaskazi jua linapokuwa kali, na dereva alipowasha na kusogea mbele, gurudumu la nyuma likamkanyaga mkia. Angetulia, pengine ungevunjika tu mahali pamoja na kuishia hapo. Lakini paka akibanwa hatulii: alijivuta kwa nguvu zake zote, akachomoka, akaruka ukuta wa jirani, na tulipomwona tena magharibi mkia ulikuwa ukiburutika nyuma yake kama kamba iliyolowa.

Siku mbili za mwanzo tulifanya walivyotushauri majirani, yaani tulimwacha. Walisema paka ana roho ngumu, atajilamba na atapona mwenyewe. Siku ya tatu ncha ya mkia ilikuwa ya baridi ukiigusa, manyoya yake yalianza kunyofoka, na harufu ilitufikia sebuleni. Nilimtia katika tenga la kuku, nikalifunika kwa kanga, nikampeleka kwa daktari wa mifugo, mzee ambaye siku zake nyingi hupita kwenye mazizi ya ng'ombe na mbuzi, na ambaye nilidhani angenicheka kwa kumletea paka. Hakucheka.

Alimweka mezani, akaubana mkia kwa koleo ndogo, kwanza kwenye ncha, kisha katikati, kisha karibu na shina. Zabibu hakushtuka hata mara moja. Halafu akagusa pembeni mwa njia ya haja kubwa, na misuli ya pale ikajikunja. Daktari alivuta pumzi, akaniambia hiyo ndiyo habari njema ya siku ile, nami sikuelewa kwa nini, kwa sababu mawazo yangu yote yalikuwa kwenye mkia. Alinieleza kwamba mkia wa paka una pingili kama 20 hivi, kwamba uti wa mgongo wenyewe haufiki mkiani bali huishia juu ya hapo na kugawanyika kuwa mishipa ya fahamu mingi myembamba, mfano wa nywele za usinga, na kwamba nywele hizohizo ndizo zinazokihudumia kibofu na njia ya haja. Paka anapojivuta huku mkia umebanwa, zinazovutika ni nywele za usinga. "Mkia nitaukata leo, mwanangu, na hilo halinisumbui," alisema. "Linalonisumbua ni kibofu."

Laiti maneno hayo ningeyazingatia zaidi wakati ule. Niliyasikia, nikayaitikia, kisha nikaendelea kuuliza kuhusu kidonda.

Upasuaji wenyewe haukuchukua muda mrefu. Daktari hakukata mfupa kwa msumeno kama nilivyodhani, bali alipitisha kisu kwenye kiungo baina ya pingili mbili, akabakiza ngozi ya kutosha ili ikunjwe na kushonwa juu ya kigutu bila kuvutika, kwa kuwa ngozi inayovutika huachana. Aliacha pingili chache tu, urefu wa vidole viwili. Niliporuhusiwa kuingia nilimkuta Zabibu amekodoa macho bila kupepesa, nikadhani amekufa. Kumbe dawa ya usingizi inayotumika sana huku huwaacha paka macho wazi, na ndiyo maana alikuwa amepakwa mafuta mazito machoni yasikauke. Alipoanza kuzinduka alikuwa akiyumbisha kichwa kama mtu aliyeshuka chomboni baada ya kusi kali. Usiku huo nililala naye sakafuni, nimemzungushia chupa mbili za maji ya uvuguvugu zilizofungwa vitambaa, kwa sababu paka anayetoka katika usingizi wa dawa hawezi kujipasha joto vizuri, na sikumpa chakula wala maji mpaka alipoweza kuinua kichwa na kukizuia kisianguke.

Kola ya kumzuia asijilambe haikupatikana mjini, basi daktari akaikata mwenyewe kutoka kwenye filamu ya zamani ya eksirei, akaikunja kama pia na kuifunga kwa utepe. Asubuhi, mwanga wa dirishani ulipopenya, niliona wazi mbavu za binadamu zimemzunguka paka shingoni. Mama alipoziona aliomba nimwondolee kitu hicho, akasema hajui mwenye mbavu yu hai au amekwisha kufa. Nilimkatalia kwa adabu zote, kwani ulimi wa paka una miba midogo iliyopinda kwa ndani, na usiku mmoja wa kujilamba unatosha kufungua mshono. Jambo tulilokubaliana ni kumvua wakati wa kula tu, mmoja wetu akiwa amekaa mbele yake.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Siku ya kwanza na ya pili baada ya upasuaji nilikuta vitambaa alivyolalia vimelowa mkojo, nikafurahi. Nilimpigia daktari simu nikamwambia kwa furaha kwamba anakojoa vizuri, tena mara nyingi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali moja: je, nimemwona akichuchumaa? Sikuwa nimemwona. Akaniamuru nimpeleke saa hiyohiyo. Alipompapasa tumbo alinishika mkono akauweka mahali pake, nami nikahisi kitu cha mviringo, kigumu, kikubwa kama chungwa. Kibofu hakikuwa kinakojoa. Kilikuwa kimejaa pomoni na kufurika, mfano wa pipa linalomwagika mvua ikizidi, na kila alipogeuka au kuinuka matone yalimtoka bila yeye kujua. Mkojo unaokaa hivyo huumiza figo, na msuli wa kibofu unaotanuliwa kupita kiasi hupoteza nguvu zake, hata mishipa ya fahamu ikija kupona baadaye. Ningeendelea kufurahia vitambaa vilivyolowa kwa siku mbili zaidi, leo ningekuwa nikiandika mengine.

Hivyo nikafundishwa kumkamua. Unamsimamisha paka akiwa ametazama mbele, unamshika kwa mkono mmoja kifuani, na kwa mkono mwingine unakitafuta kibofu mbele ya miguu ya nyuma, kidole gumba upande huu na vidole vingine upande ule, kisha unabana polepole, kwa nguvu isiyobadilika, ukiielekeza nyuma, mpaka mkojo uanze kutoka kama uzi. Hupaswi kukikamia, kwa sababu kibofu kilichojaa huweza kupasuka, na wala hupaswi kujaribu bila kuonyeshwa kwanza na daktari kwa mikono yako mwenyewe. Mara ya kwanza nilitoa jasho mpaka kanzu ikanishika mgongoni. Baada ya wiki moja niliweza kufanya kabla ya swala ya alfajiri, adhuhuri na usiku, na Zabibu mwenyewe alikwisha kuzoea hata akawa ananitazama kwa subira ya mgonjwa anayemhurumia muuguzi mgeni. Kila mara nilimfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na kumkausha, kwa maana mkojo unaokaa kwenye ngozi huibabua.

Daktari aliniambia kwamba paka wengi wanaorudishiwa uwezo wa kukojoa hurudishiwa ndani ya mwezi mmoja hivi. Mama aliposikia hesabu hiyo akasema basi ni kama mzazi, na mzazi ana arobaini yake, na tangu siku hiyo ndivyo tulivyohesabu.

Kuhusu dawa sina budi kusema waziwazi, kwa sababu katika nyumba yetu msiba ulikaribia kupitia mlango wa huruma. Jirani mmoja, mwanamke mwema kabisa, alimwona Zabibu amejikunyata, macho nusu yamefumba, masikio yameelekea pembeni, akaleta nusu kidonge cha Panadol kilichosagwa katika supu. Nilimwahi mlangoni. Ini la paka haliwezi kuishughulikia paracetamol kama ini la mtu. Mabaki ya dawa hiyo huziharibu chembe nyekundu za damu, ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na nyayo huvimba, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua. Dawa yake ya maumivu ilikuwa ya maji, aliyopimiwa kwa matone kulingana na uzito wake, mara moja kwa siku baada ya kula, na sikuongeza hata tone. Vivyo hivyo ile dawa ya kuoshea vidonda ambayo ikiingia majini huyageuza meupe kama maziwa, na ambayo haikosekani katika nyumba yoyote ya pwani, haimfai paka, maana atailamba. Mshono wa Zabibu ulifutwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, basi.

Adui mwingine alikuwa inzi. Kaskazi ni msimu wao, na kigutu kilicho karibu na njia ya haja huwavuta kuliko bucha. Nililipindua tenga la kuku, nikamweka Zabibu ndani yake juu ya mkeka uliotandikwa vitambaa, nikalifunika lote kwa chandarua cha zamani. Mchanga wa chooni kwake niliutupa, kwa kuwa chembe zake huganda kwenye mshono, nikachana magazeti vipandevipande na kuyatia katika sinia pana lenye kingo fupi, lisilomlazimu kunyanyua nyonga. Chakula alikikataa siku ya kwanza, na hapo nilikuwa na wasiwasi kwa sababu paka asiyekula siku 2 au 3 mfululizo huweza kuharibika ini. Mama alimchemshia vibua bila chumvi, bila kitunguu maji wala thomu, ambavyo ni sumu kwa paka, akavitoa miiba, akavipeleka vikiwa na joto kidogo ili harufu ipande. Alikula vidole vya mama pamoja na samaki. Nyuzi zilitolewa siku ya 12. Kigutu kilikuwa kikavu, cheusi kidogo, kama mwisho wa mhogo uliokatwa.

Siku ya 19, majira ya saa moja asubuhi, nilipokuwa nikijiandaa kumkamua, Zabibu alitoka tengani, akaingia katika sinia la magazeti, akachuchumaa, akatulia muda mrefu mno, kisha nikasikia karatasi zikilia. Nilimwita mama. Tulisimama pale watu wazima wawili, tukimsikiliza paka akikojoa, na mama akasema alhamdulillahi kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kaka yangu apate ajira.

Baada ya hapo yalibaki mambo ya kujifunza upya. Alipojaribu kupita juu ya ukuta wa uani kwa mara ya kwanza, alifika nusu ya njia, akaelemea kulia, na kile ambacho kingeelekea kushoto kumsawazisha hakikuwapo. Alianguka, ingawa kwa miguu minne, kwa sababu kujigeuza hewani ni kazi ya uti wa mgongo zaidi kuliko ya mkia. Nilipanga makreti mawili ya soda na gunia la mkaa yawe ngazi, na kwa wiki kadhaa alipanda na kushuka kwa hadhari ya bibi kizee, nyonga zikiwa chini kuliko zamani. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili alikuwa anauvuka ukuta wote, hata pale palipopandwa vipande vya chupa.

Kilichonisikitisha zaidi ni jioni. Baadhi ya jioni aligeuka ghafla kukitazama kigutu, kama mtu aliyeitwa kwa jina nyuma yake, akakilamba kwa hasira hata ngozi ikawa nyekundu. Daktari alisema ncha za mishipa ya fahamu zilizokatwa huweza kuendelea kutuma habari za maumivu ya kitu kisichokuwapo, akampa dawa nyingine kwa wiki tatu, na hali ikatulia. Yeyote anayemwona paka wake akifanya hivyo asidhani ni tabia mbaya wala asimkemee.

Na kisha lugha. Hatukujua ni kiasi gani tulikuwa tukimsoma kwa mkia mpaka ulipoondoka. Zamani aliingia mlangoni mkia umesimama wima, ndiyo salamu yake. Akichoka kubebwa aliupigapiga, nasi tukamweka chini. Sasa mpwa wangu wa miaka sita alimbeba kama alivyozoea, akakwaruzwa mkono, akalia kwamba Zabibu hakumwambia. Tulimfundisha kutazama masikio: yakilala pembeni, mweke chini, na ngozi ya mgongo ikitetemeka, mweke chini upesi zaidi. Shume la jirani nalo lilichanganyikiwa, likawa linamsogelea bila kujua anakaribishwa au anafukuzwa, na wakapigana mara mbili kabla ya kuelewana. Watoto wa mtaani humwita Kibutu, jina la kuku asiye na mkia, naye huitika, jambo ambalo mama hajalisamehe.

Jana mama alikuwa uani akiparura magamba ya changu. Zabibu alitokea upande wa jikoni, akasimama hatua tatu nyuma yake, masikio mbele. Kile kigutu cha vidole viwili, chenye manyoya mapya mafupi ambayo bado hayajafanana rangi na mengine, kilitetemeka, kikainuka, kikasimama wima.