Mbona mkubwa tunamrudisha?

Dada kahamia nyumba mpya, kazini wametubadilishia zamu, lakini kinachonirudia kichwani wiki nzima ni swali la mpwa wangu Baraka tulipokuwa tukivua pale Lake Fork, bwawa la Texas. Tulikuwa tumempima samaki aina ya besi, wa inchi 19. "Mjomba, mbona huyu mkubwa tunamrudisha, na yule mdogo tunaenda kumla?"

Nikamjibu kwamba ndiyo sheria ya bwawa: besi aliyezidi inchi 16 na hajafika 24 anarudi majini papo hapo. Kwa siku unaruhusiwa watano, na mwenye 24 au zaidi ni mmoja tu. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo wadogo wakipungua, huyu atashiba?"

Naosha vyombo, nalisikia. Nikiwa njiani, nalisikia. Sababu yenyewe kaifikia bila kuambiwa! Wadogo wakijazana hugombea chakula, wote wakadumaa. Wakivuliwa hao, wa kati hupata nafasi ya kuendelea kukua, na majitu yote yale ni majike; dume halifiki huko. Texas ilipandikiza hapa besi wa asili ya Florida tangu mwanzo, na Januari 1992 akatoka wa pauni 18.18, rekodi ya jimbo.

Na kupima Baraka alipima vizuri. Ubao wa kupimia unaloweshwa kwanza, samaki analazwa ubavu, mdomo umefungwa na kugusa ukingo, kisha ncha za mkia zinabanwa pamoja. Mkia ukiachwa umechanua, kipimo kinapungua, na kwa samaki anayekaribia 16 hapo ndipo halali na haramu zinapoachana. Chambo chake kilikuwa mnyoo wa plastiki, chubwi mbele, ncha ya ndoano imefichwa ndani ya mnyoo. Bwawa lile limejaa miti iliyozama. Ndoano ikiwa wazi itanasa kwenye kisiki kabla samaki hajaiona.

Jana nikaletewa picha kwenye simu, na furaha ikatiwa doa. Besi mkubwa kweli, tumbo limejaa mayai, ananing'inizwa kwa taya, mkono mmoja, wima. Samaki huyu hula kwa kufyonza: anafumbua mdomo ghafla, maji na windo vinaingia pamoja. Taya likibeba uzito wote huo, mishipa inayolishikilia inaweza kuchanika, na anayeonekana kaogelea salama akashindwa kula. Mkono wa pili unawekwa chini ya tumbo, umeloweshwa, maana mkono mkavu unafuta ute unaomkinga na maradhi. Kamera na koleo viwe tayari samaki angali majini. Ukimtoa, zuia pumzi nawe: ukiishiwa wewe, naye kaishiwa zamani. Nimeyaandika haya yote kumjibu aliyenitumia. Kayasoma, hajasema neno.

Zamu mpya ya mchana inaanza Jumatatu, na bado sijapata wa kumchukua Baraka shuleni siku dada akichelewa.