Siku moja maishani mwangu: ghala la vifaa vya dharura, Ilala

Saa 12:00 asubuhi

Mlango nafungua saa 12, madirisha siyagusi mpaka saa 4. Alfajiri ndipo hewa ya Dar inabeba unyevu mwingi kuliko saa yoyote ya mchana, na ukifungua mapema unaukaribisha ukalale na mahema. Jua likishapanda yanafunguliwa yote na feni inawashwa. Rafu zimeachana na ukuta kama sentimita 10, hakuna kinachogusa sakafu ya saruji, na mifuko ya kulalia inaning'inia kwenye henga. Mfuko wa kulalia ukikaa miezi umebanwa kwenye kifuko chake, ujazo wa ndani unalala na hauinuki tena. Kwa macho ni uleule; baridini ndiyo utajua.

Vifaa vingi vinavyoletwa hapa vikiwa vimekufa havikufia Udzungwa wala Kilimanjaro. Vimefia Sinza, Tabata na Kigamboni, juu ya kabati, vikiwa vimekunjwa vizuri kabisa. Joto, unyevu na chumvi ya bahari vinafanya kazi kimyakimya mwenye mali akidhani ametunza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya siku yangu ni kukagua, na kuuza na kukodisha kunafuata.

Leo kuna kazi mbili: kikundi cha watu 8 wanaokwenda kilele cha Mwanihana, Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, siku tatu kuanzia Jumamosi; na mabegi ya mafuriko kwa kaya za bonde la Msimbazi. Ni Novemba, vuli imeanza.

Saa 1:00

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Watu wanaangalia rangi tu: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini ya rangi kuna mistari miwili yenye maana zaidi, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Kisha angalia mvua inatabiriwa wapi. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo Jangwani inaweza kujaa maji huku Kariakoo jua linawaka. Anayesubiri wingu juu ya paa lake ndipo afungashe, amechelewa.

Saa 2:00

Mahema manne ya kikundi. Kila moja linasimamishwa uani, hata kama lilisimamishwa mwezi uliopita.

Kwanza pua. Hema likinuka ukungu, bado lina matumaini: maji baridi, sabuni laini, sponji, kivulini mpaka likauke kabisa. Likinuka kama matapishi, na upande wa ndani wa kifuniko cha mvua unanata vidoleni au unabanduka vipandevipande, ule utando wa poliyurethani unaozuia maji umeoza kwa unyevu. Hilo halifuliwi wala halipakwi dawa, linabaki kuwa kivuli cha bustanini. Leo moja limeanguka kwa kosa hilo, na limebadilishwa.

Pili, mishono. Kanda ya ndani ya mshono ikianza kuinuka pembeni, maji yatapita hapohapo. Bandua iliyolegea, futa kwa spiriti, paka gundi ya mishono nyembamba, acha usiku mzima. Jaribio ni la mpira wa maji kwa dakika 10, mtu mmoja akiwa ndani na tochi anaangalia kona.

Tatu, zipu. Zipu ikifunga halafu ikaachia nyuma, usikimbilie kung'oa yote. Mara nyingi meno ni mazima, kichwa ndicho kimepanuka. Kibane kidogo kwa koleo, upande wa kulia kisha wa kushoto, jaribu, rudia. Ukikaza kwa hasira kinapasuka na hapo sasa ni kazi ya fundi cherehani. Hema lililokaa ufukweni lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kukunjwa, kisha meno ya zipu yapakwe mshumaa. Mafuta ya cherehani yanashika mchanga, na mchanga unasaga meno.

Fito: pitisha kitambaa laini kwa urefu wote, kikinasa kuna ufa. Kila hema linakwenda na kipande cha bomba la alumini cha sentimita 15, kinachoingia juu ya ufito uliovunjika na kufungwa kwa gundi ya karatasi pana. Vigingi vinahesabiwa wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Havirudi vyote. Havijawahi.

Saa 4:15

Chai na chapati, na madirisha yamefunguliwa. Kijana wa kile kikundi analeta viatu vya wenzake nivione. Ni vya mtumba, vya soko la Karume, ngozi safi, kamba mpya.

Chukua dole gumba, bonyeza soli ya katikati, ile laini iliyo kati ya ngozi na soli ya chini. Ikirudi, sawa. Ikibaki na shimo, au ikatoa unga, usivae hata kwenda sokoni. Ni poliyurethani ileile ya kwenye hema, na inaoza ndani ya kiatu ambacho hakijatembea. Tena viatu vilivyowekwa ndani miaka mingi ndivyo hatari zaidi kuliko vinavyovaliwa kila wiki. Soli inabanduka nzima, kwa kawaida kwenye mteremko wenye tope ambako mguu unavutwa. Gundi ya haraka hushika kwa saa moja hivi.

"Kaka, hivi nimevinunua jana tu," anasema. Jozi mbili zimekataliwa. Ana leo na kesho ya kutafuta nyingine, na mwenye viatu vipya avitembeze kwa miguu angalau mpaka Ubungo kabla ya safari.

Saa 5:30

Mjumbe wa mtaa kutoka bondeni amefika kuchukua mabegi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona begi dogo hivi, godoro litaingia wapi?"

Godoro haliingii, na hapo ndipo mjadala wote ulipo. Begi la mafuriko lisizidi kilo 6 au 7, kwa sababu anayelibeba mkono mmoja umeshika mtoto. Ndani: kitambulisho cha taifa, vyeti, kadi ya kliniki na ya bima kwenye mfuko wa nailoni wa kubana, ndani ya mfuko wa pili, mdomo umegeukia upande mwingine. Noti ndogondogo. Dawa za kila siku za siku 7. Tochi ya kichwani, filimbi, kamba ya nailoni mita 10. Maji lita 2. Vidonge vya kutibu maji, pakiti 6 za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, khanga mbili, na namba za simu kwenye karatasi, maana simu ikizima hakuna anayezikumbuka kichwani. Orodha hiyo iwe na 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi.

Linatundikwa kwenye msumari karibu na mlango, usawa wa bega. Chini ya kitanda ndiko maji yanaanzia.

Mengine namweleza mama yeye akayaseme mtaani, atasikilizwa kuliko mimi. Swichi kuu ya umeme izimwe maji yakiwa bado nje ya kizingiti. Ukishasimama kwenye maji usiiguse. Maji yanayokwenda kasi, hata ya sentimita 15, yanamwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanabeba gari dogo, kwa hiyo kuvuka kwa kufuata mgongo wa aliyetangulia ni kujidanganya. Na maji ya mafuriko bondeni yamepita vyooni. Kisima kilichofunikwa na maji hayo kihesabiwe kuwa kichafu mpaka kitibiwe.

Wazee wa huko hawahitaji kushawishiwa sana. Desemba 2011 wanaikumbuka, na wapo majirani zao waliohamishiwa Mabwepande.

Saa 7:00

Wali maharage, mchicha, pilipili.

Saa 8:00

Masanduku ya huduma ya kwanza. Yanafunguliwa yote, kitu kimojakimoja mezani. Glavu za mpira zilizokaa kwenye buti la gari zinachanika zikivutwa, tupa. Plasta gundi imeyeyuka na kuhamia kwenye karatasi, tupa. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na gari lililoegeshwa juani Dar linapita hapo mapema sana, hivyo tarehe ya kwisha muda iliyo kwenye kopo haimaanishi chochote tena. Vidonge vya kutibu maji vyenye karatasi ya fedha iliyotoboka navyo tupa.

Sanduku la watu 8 lina bandeji pana 6, gozi (kitambaa chembamba cha kufunikia kidonda), khanga ya kutengenezea tanji la kuning'inizia mkono, mkasi, plasta za malengelenge za kutosha (hizi ndizo zinazoisha kwanza, siku zote), parasetamoli, chumvichumvi, na mkanda wa kukaza mguu unaovuja damu isiyozuilika. Mkanda huo unafungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, usiwe juu ya kiungo, unakazwa mpaka damu isimame, saa inaandikwa, na haulegezwi mpaka hospitali.

Mkanda huohuo usiguswe kwenye kuumwa na nyoka. Hapa ndipo watu wanapoua kwa nia njema. Hakuna kukaza kwa mkanda au kamba, kuchanja wala kunyonya. Vua pete, saa na kiatu kabla mguu haujavimba, tegemeza kiungo kwa ubao kana kwamba kimevunjika, andika saa, mgonjwa abebwe, asitembee. Maumivu ni parasetamoli, siyo aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu sumu ya moma inaweza kuvuruga damu kuganda. Swila akitema machoni, maji mengi kwa dakika 15 hadi 20. Nyoka asitafutwe ili apelekwe hospitali, maana anayemtafuta anaweza kuwa mgonjwa wa pili.

Saa 9:00

Hesabu ya maji. Mtu mmoja lita 4 kwa siku, kunywa na kupika. Watu 8 ni lita 32, kwa siku tatu lita 96, yaani kilo 96. Hakuna atakayezibeba, kwa hiyo watachota mitoni na kutibu. Kila mmoja anabeba lita 3 mgongoni, na kikundi kinabeba madumu mawili ya kukunjwa ya lita 20.

Ukubwa wa dumu unafuata ukubwa wa kidonge. Kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20. Ukikitumbukiza kwenye chupa ya lita moja, maji hayanyweki. Maji ya tope yachujwe kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha viwekwe vidonge viwili badala ya kimoja. Tikisa, subiri dakika 30. Unga wa juisi uwekwe baada ya hizo dakika, kwa sababu vitamini C inaua klorini na maji yanabaki na vijidudu vyake. Dumu likitikiswa, legeza kifuniko kidogo ili maji yenye dawa yaoshe mdomo na hesi zake. Hapo ndipo mikono michafu inashika, na wengi hawapafikirii.

Jiko la gesi: gramu 15 kwa kila lita inayochemshwa, hesabu ya kuwa salama. Lita 12 kwa siku, siku tatu, ni gramu 540, kwa hiyo vimitungi vitatu vya gramu 230. Kilichotumika kinapimwa kwenye mizani ya jikoni. Uzito wa kopo tupu unaujua kwa kupima lililoisha la aina hiyohiyo. Kipete cha mpira kwenye maungio kikipasuka gesi inavuja, na povu la sabuni linaonyesha. Mkaa ndani ya hema haujadiliwi: hewa yake haina harufu na watu hawaamki.

Saa 10:00

Kikundi kimefika, foleni imewaachia sita kati ya wanane. Wanasimamisha hema wao wenyewe, mimi nimekaa. Dakika 25 mara ya kwanza. Mara ya pili 11. Mara ya tatu wafanye kana kwamba ni usiku, kila mmoja na tochi yake ya kichwani; wawili wanagundua zao hazijawahi kuwekwa betri.

"Kaka, maji si tutanunua njiani?"

"Ya njiani yanaishia Mang'ula, langoni mwa hifadhi, dada. Udzungwa hakuna barabara ndani, ni miguu."

Askari wa hifadhi atakuwa nao, lakini mtu hupotea kwa kwenda haja nyuma ya mti na kurudi upande usio wake. Akijikuta hivyo, asimame, akae chini, apulize filimbi mara tatu, asubiri dakika moja, arudie. Wenzake wajibu palepale walipo, wasitawanyike kumtafuta. Filimbi inavaliwa shingoni, siyo kwenye begi, kwa sababu begi ndilo analoliacha njiani anapokwenda hajani. Simu iwekwe hali ya ndege: kutafuta mtandao usiokuwepo kunamaliza betri kabla ya usiku.

Karatasi moja inabaki Dar kwa ndugu wa mmoja wao: majina, njia, rangi za mavazi ya juu, siku na saa ya kushuka, na saa ambayo akikosa simu apige hifadhini. Bila hiyo saa ya mwisho, ndugu atasubiri mpaka kesho yake akijipa moyo kwamba ni mtandao.

Saa 12:15 jioni

Madirisha yanafungwa kabla unyevu haujarudi. Tochi zinazobaki ghalani zinatolewa betri. Iliyovuja inasafishwa kwa pamba yenye siki, kisha spiriti, na vyuma vinavyogusa betri vikirudi kung'aa inafaa. Powabenki za akiba zinaachwa na nusu ya chaji, hivyo hazichoki haraka. Zile za Udzungwa zitajazwa kesho usiku. Ya mAh 10,000 inafikisha kwenye simu kama 6,000 hivi, mengine yanapotea njiani kama joto, kwa hiyo simu ya 5,000 inajaa mara moja na kidogo. Wamepewa nne, na wameahidi kwamba hakuna atakayesikilizia muziki.