Kumbukumbu ya mradi: mapaja ndiyo yaliyokuwa yakitawanya risasi

Mradi ulikuwa huu: mwindaji apande mlima na mzigo, akae alenge, na risasi yake ya kwanza isikose. Imekubali. Risasi ya kwanza baada ya kupanda na mzigo sasa inaingia kwenye sahani ya shabaha ya sentimita 20 kwa mita 150, na inarudia kuingia, si ya kubahatisha.

Masharti ya jaribio, kwa anayetaka kulinganisha na yake: begi la kilo 15, kupanda hadi mapigo ya moyo yafike 150 kwa dakika, kisha kukaa chini, vijiti vya kuegemezea bunduki mbele, risasi moja ndani ya sekunde 60 tangu begi liguse ardhi. Sahani inasimama badala ya eneo la moyo na mapafu. Kwa umbali huo ni kama dakika nne na nusu za pembe (dakika moja ni sm 2.9 kwa mita 100), na bunduki yoyote nzima ya kuwindia inapiga vizuri kuliko hapo ikiwa imelazwa mezani. Kwa hiyo bunduki haina kesi. Mwenye kesi ni mpigaji, tena si mpigaji aliyepumzika: aliyepumzika, kwa mkao uleule na vijiti vilevile, anajaza sahani bila shida. Mpandishe mlima, risasi zinatoka kushoto na kulia.

Hapo kwenye kushoto na kulia ndipo mradi mzima ulipokwama.

Kila mtu anayeulizwa anajibu pumzi. Pumzi, pumzi, pumzi. Wanatajwa wale wa biathloni, wanaoteleza kwenye theluji kisha kulenga duara la sm 4.5 wakiwa wamelala na sm 11.5 wakiwa wamesimama, mita 50, moyo ukidunda kama ngoma. Ni kweli, na mbinu yao ya kufyatua mwishoni mwa kutoa pumzi ni ya kujifunza. Ila pumzi huchora mstari wa juu na chini. Kifua kikijaa, kitako cha bunduki kinapanda na mdomo wa mtutu unashuka. Kikipungua, kinyume chake. Matundu yaliyopangana kama ngazi ni ya pumzi. Matundu yaliyotandazwa kwa upana yana baba mwingine, na kuyatibu kwa kupumua ni kupoteza risasi.

Washukiwa wa upana ni watatu: kidole kinachovuta triga pembeni, bunduki iliyoinama upande mmoja, na mwili unaoyumba chini ya viwiko. Wawili wa kwanza wangejitokeza hata mpigaji akiwa amepumzika. Amebaki wa tatu, na mwili una sehemu nyingi.

Njia iliyotoa jibu ni kutenganisha uchovu. Badala ya kupanda na kupiga, kila aina ya uchovu inaletwa peke yake. Hii ni kazi ya bunduki ya .22 LR, si ile kubwa, maana risasi zitakuwa nyingi na teke (bunduki kurudi nyuma ikifyatuka) lisiingie kwenye hesabu. Kwa mita 50 sahani inakuwa duara la sm 6.7. Risasi tano kila jaribio, ya kwanza ikiwekewa alama yake, kwa sababu mawindoni hiyo ndiyo yenye maana.

Jaribio la kwanza ni moyo bila miguu: mbio fupi za tambarare, bila mzigo, hadi 150, kisha kukaa na kupiga. Matundu yalisimama kama nguzo nyembamba, na baada ya kama dakika moja ya kutulia nguzo ikafupika yenyewe.

La pili ni miguu bila moyo: kukaa ukutani bila kiti, na kushuka kisanduku polepole na begi mgongoni, ukipumzika kila mara ili mapigo yasizidi 100, mpaka mapaja yaanze kutetemeka. Ukikaa kulenga, pumzi imetulia kabisa, unaweza kuimba. Na bado msalaba wa darubini unatembea kushoto na kulia. Matundu yakalala chali. Kungoja dakika moja hakukubadilisha kitu.

La tatu, kupanda kwa kawaida, lilitoa umbo la pili likiwa limeongezewa urefu wa la kwanza. Kesi imefungwa. Moyo hurudi haraka, paja halirudi.

Sababu yake ukiifikiria iko wazi. Katika mkao wa kukaa viwiko viko magotini. Ukiwa umekanyaga na magoti yamesimama, misuli ya paja na ya nyonga ndiyo inayoyashikilia yasianguke nje. Msuli uliochoka hutetemeka zaidi, goti linacheza, kiwiko kinafuata, mtutu unafuata.

Dawa ni mbili, na ile ya haraka ni mkao. Vuka vifundo vya miguu, magoti yaachwe yaanguke mpaka yaegemee miguu yenyewe, isiwepo nyama inayoshika kitu. Kiwiko kisikae ncha juu ya kifuniko cha goti, mfupa kwa mfupa huteleza. Sukuma mbele kidogo ili nyama ya juu ya kiwiko ilale kwenye goti. Begi, ambalo tayari limeshushwa, liwekwe wima chini ya kwapa la mkono wa triga. Hili la begi ndilo lililoleta tofauti kubwa kuliko yote kwa gharama ya sekunde tano. Ukipata jiwe au shina la kuegemea mgongo, usione haya. Halafu funga macho, vuta pumzi mara moja, fungua: msalaba ukiwa umehama, usiurudishe kwa mikono, zungusha makalio.

Dawa ya polepole ni kufundisha paja kushuka. Wengi hufanya mazoezi ya kupanda tu kwa sababu ndiyo yanayokata pumzi. Lakini kwenye kushuka msuli unafanya kazi huku ukirefuka, na hapo ndipo unapoharibika zaidi na kuuma siku mbili baadaye. Kisanduku cha sm 30, mguu mmoja juu, mwingine ushuke mbele kwa kuhesabu hadi nne, kisigino kiguse tu, urudi. Seti tatu za mara nane hadi kumi kila mguu, mara mbili kwa wiki. Wiki ya kwanza bila mzigo kabisa. Maumivu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, lakini mwili ukishapigwa mara moja hivyo, mara ya pili huumia kidogo sana. Ndiyo maana zoezi hili lianze miezi miwili au mitatu kabla ya msimu. Anayelianza wiki moja kabla atakwenda porini akitembea kama aliyepanda ngamia kutwa nzima.

Goti likiingia ndani wakati wa kushuka, punguza urefu wa kisanduku kabla ya kupunguza mzigo.

Mzigo wa kupandia naona bora uwe maji. Lita moja ni kilo moja, hakuna haja ya mizani, na ukifika juu unaweza kumwaga nusu ili magoti yashuke na mzigo mwepesi wiki za mwanzo. Anza na kilo sita au saba, ongeza moja au mbili kwa wiki. Chupa zikae juu, karibu na mabega, zimebanwa kwa nguo zisicheze. Mchanga ni mzuri pia, lakini haumwagiki kwa hiari, humwagika ndani ya begi.

Sasa ratiba, maana mazoezi ya mwili na ya shabaha yanagombania mwili mmoja. Kulenga kwa usahihi huja kabla ya kila kitu siku hiyo, na siku iliyotangulia isiwe ya pushapu, kuvuta vyuma au kubeba. Mabega yaliyochoka yanatetemesha bunduki ya kilo nne hata juu ya vijiti, na utaondoka ukidhani darubini imelegea. Siku ya kupanda na kupiga ni moja tu kwa wiki. Matembezi marefu yawe ya mwendo unaoruhusu kuongea sentensi nzima. Bunduki kubwa isizidi risasi 15 kwa kikao. Kuanzia hapo mwili unaanza kungoja teke, na .375 H&H, risasi ya wanyama wakubwa, ina teke karibu maradufu ya .30-06, ile ya kawaida ya kuwindia. Anayeshuku kwamba anashtuka achanganye risasi bandia na za kweli bila kujua mpangilio: mtutu ukizama kwenye risasi bandia, jibu limepatikana. Zilizobaki ni .22 na kufyatua bila risasi nyumbani, chemba (tundu inamokaa risasi) ikaguliwe mara mbili na risasi zikae chumba kingine.

Usalama kwenye siku ya kupanda na kupiga hauna mjadala. Bunduki inabaki kwenye mstari wa kupigia, bolti wazi, chemba tupu. Anayekimbia ni mtu. Risasi inaingia chemba ukiwa umeshakaa na mtutu unaelekea shabaha. Mtu anayehema hufanya mambo kwa pupa.

Kuhusu vifaa. Saa ya mkononi huchelewa kuonyesha mapigo yanapopanda au kushuka ghafla, na hapa tunapima hasa hiyo ghafla. Mkanda wa kifuani ni mkweli zaidi. Ukuzaji wa darubini ushushwe hadi mara nne au sita. Ukiiacha kwenye kumi na mbili, kila mtetemo unaonekana kama tetemeko la ardhi, na kidole kinaanza kunyakua triga msalaba unapopita katikati. Kulainisha triga hadi iguswe tu ndiyo ifyatuke ni ushauri nisioukubali kwa bunduki ya kuwindia: vidole vya baridi, glovu, uchovu, hapana. Na kioo cha nyuma cha darubini kikipata pumzi ya moto ya mtu anayehema, kinafunga ukungu. Geuza uso pembeni wakati wa kupumua kwa nguvu, rudisha shavu kitakoni mwishoni.

Pumzi yenyewe, kwa kuwa bado ina sehemu yake: aliyepumzika ana kituo cha sekunde mbili tatu mwishoni mwa kutoa pumzi. Kwa mapigo 150 kituo hicho hakipo, na kukilazimisha kunaongeza mtetemo. Vuta pumzi nzito tatu au nne, na triga iwe imeshavutwa nusu wakati pumzi ya mwisho inapoisha kutoka. Ikikupita, ngoja inayofuata.

Siku kumi hadi kumi na nne za mwisho punguza wingi wa mazoezi hadi nusu, uzito ubaki uleule, na kushuka kukali kukome wiki moja kabla. Risasi kubwa katika kipindi hicho ni moja tu kwa kikao, mtutu ukiwa baridi, na karatasi ya shabaha isibadilishwe, ili matundu ya siku tofauti yakusanyike kwenye karatasi moja.

Mpango ulikuwa kusogea hadi mita 250 baada ya hapa. Nimeuweka kando, kwa sababu kuna swali linalosumbua zaidi: nyasi ndefu. Nyasi zikifika kifuani, mkao huu wote wa kukaa hauna kazi, na mpigaji anabaki amesimama na vijiti vitatu. Nimeanza kuweka alama za utepe kwenye kila kijiti, moja ya tambarare na moja ya mteremko, kijiti cha upande wa bondeni kikirefushwa, ili urefu usitafutwe kwa sekunde zile sitini. Matokeo ya kwanza: msalaba unachora nambari nane iliyolala, na mshukiwa safari hii anaonekana kuwa nyonga. Begi la kwapani halina pa kukaa mtu akisimama, ila mkanda wake wa kiunoni ukifungwa kwa kukaza, kiwiko cha mkono wa triga kinapata pa kushikilia. Kesho ni jaribio la miguu bila moyo, kwa kusimama.