Nilipoambiwa "slap a coat on it" nikavaa koti

Fundi rangi wa Tanga anajua mkono wa kwanza na mkono wa pili, yaani kila tabaka la rangi linalopakwa ukutani. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Waingereza mkono huo wanauita koti. Ndiyo maana asubuhi yangu ya pili kazini Leicester, mwezi wa Januari, msimamizi alipopita mbio akisema "just slap a coat on it", nilidhani amemhurumia mtoto wa pwani anayetetemeka. Nikashuka ngazi, nikavaa koti. Aliporudi akakuta ukuta mkavu, nami nimefunga zipu mpaka kidevuni.

Mwenzangu Msomali aliyekulia Mombasa ndiye aliyenifungua macho wakati wa chai. "Koti ni ule mkono, kaka." Slap nililijua tangu shule: kofi. Likifuatwa na on, ni kupaka upesiupesi bila kujali kingo wala michirizi. Nyumba zile zilikuwa za kupangisha, zote magnolia, ile rangi ya maziwa yaliyochacha kidogo. Nani angejali kingo? Nikacheka, maana kwani sisi nasi si "tunapiga rangi"? Nikaona nimepata neno la nyumbani, nikalitumia kila mahali.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Bibi mmoja mwenye nyumba aliniuliza sebule yake imefikia wapi. Nikamjibu kwa fahari, "I slapped it on this morning." Akavaa miwani, akakagua ukuta pembe hadi pembe. Nilikuwa nimeziba nyufa, nimepiga msasa, nimepaka mikono miwili, halafu kwa kinywa changu mwenyewe nikamwambia kazi nimeilipua! Kupiga rangi hakuna lawama ndani yake. Slap on inayo. Pacha wake ni kulipua.

Siku hizi nalisema kwa mafundi wenzangu tu, tena kwa mambo ya stoo na uzio wa nyuma. Mteja namwambia "painted", basi. Kilichonisumbua zaidi ni ile it inaposimama badala ya rangi, si ukuta: lazima ikae katikati, slap it on, kamwe si slap on it. Ukitaja rangi yenyewe unaachiwa uhuru, slap the paint on au slap on the paint, yote sawa.

Julai jua lilipowaka, Msomali wangu akanirushia krimu ya jua: "Slap it on!" Sikuuliza. Nikajipaka kwa kulipua mpaka masikioni.