Mbwa wangu hakua mvivu, kumbe nyonga zilikua zinamuuma

Simba ana miaka 10, chotara wa German Shepherd, na tunaishi Njombe, baridi ya huku mwezi wa 6 mnaijua. Mwaka jana akaanza kuamka kwa shida, anajivuta, miguu ya nyuma imekakamaa, akishatembea tembea kidogo anakua fresh na mchana anabweka kama kawaida, mi nikajua ni uzee tu na uvivu juu. Siku moja usiku nagonga geti hakuja, kalala barazani ananiangalia anapiga mkia chini. Nikamchunguza, kumbe amejilamba goti mpaka manyoya yameisha na mapaja yamekonda wakati tumbo limenenepa.

Hapo nikafanya ujinga. Jirani kasema mpe diclofenac, hata bibi yake anatumia, nikampa nusu kidonge kwenye nyama, usiku mzima anatapika. Daktari wa mifugo alinigombeza jamani, "kaka unataka kumuua?" Kumbe dawa za maumivu za watu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo, na paka ndo usiseme, hata panadol moja inaua. Akamkunja mguu mmoja mmoja, kufika nyonga ya kushoto akalia. Tukasubiri siku kadhaa tumbo litulie, akapima damu kuangalia figo na ini, ndo akampa meloxicam ya maji, dawa ya maumivu ya mbwa, unapima kwa kilo zake, anapewa na chakula, akitapika au choo kikiwa cheusi naacha na kupiga simu.

Ila kwangu dawa ilikua nusu tu, kilichombadilisha ni uzito. Alikua kilo 41, daktari anataka 35, nikapunguza ugali na kukataza watoto kumtupia mabaki (mama yangu akaninunia wiki nzima eti namtesa mnyama), imechukua miezi mitano. Matembezi nayo sio tena ile safari ndefu ya jumapili, ni dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Kwenye tailizi alikua anateleza nikatandika zulia kuukuu, analala kwenye godoro la mtoto la zamani sio kwenye sementi.

Sasa nimeanza kumtilia mashaka paka. Hachechemei kabisa, ila haruki tena dirishani, anapitia kwenye kiti kwanza, na manyoya ya mgongoni yameshikana maana hafiki kujilamba. Jumanne nampeleka.