Kuflashi bodi kwa kitufe kimoja bila kutoka kwenye VS Code

Kama unafanya kazi na bodi za chipu ndogo kama ESP32, Pico au STM32 unaijua hii: umebadilisha mstari mmoja tu wa kodi, unatoka kwenye edita unafungua terminali, unaandika amri ndefu, unaambiwa poti iko bize manake serial monita (dirisha la kusoma meseji za bodi) bado imeishikilia, unaenda kuifunga, unarudi unaflashi (yaani unapakia programu yako kwenye bodi), afu unafungua monita tena na meseji za mwanzo zishapita. Hiyo kazi yote kompyuta inaweza kukufanyia.

Watu wengi wanaanzia kwenye `tasks.json`, faili la VS Code la kuorodhesha amri, na wanajaza kila kitu humo. Mimi siafiki. Amri zote ziweke kwenye Makefile (faili la amri linalosomwa na programu ya make) au skripti inayokaa ndani ya projekti, edita iwe inaita tu `make flash` basi. Leo uko VS Code, kesho utahamia Neovim, mwenzako ana edita yake, na seva inayokompaili kodi usiku haina edita kabisa. Wote wanaita amri ile ile. Tena make ina faida moja kubwa, ukompailishaji ukifeli inaishia hapo hapo, haiendi kuflashi faili la zamani ukabaki unajiuliza mbona hakuna kilichobadilika.

Upande wa edita ni kazi ndogo. Ndani ya folda ya `.vscode` unaandika task moja inayoita `make flash`, unaiwekea `"kind": "build"` na `"isDefault": true` kwenye group, Ctrl+Shift+B inakuwa ndio kitufe chako cha kuflashi. Ongeza `"problemMatcher": "$gcc"` ili makosa ya kompaila uyabofye yakupeleke mpaka kwenye mstari wenyewe. Kama unatumia PlatformIO (zana ya kukompaili na kuflashi bodi) mambo mengi haya unayapata tayari, `pio run -t upload` inakompaili na kuflashi kwa pamoja.

Sasa kinachowasumbua watu ni bodi kuingia butiloda (hali ya kupokea programu mpya) yenyewe bila mkono wa mtu. Kwenye bodi nyingi za ESP32 laini mbili za chipu ya USB, yaani DTR na RTS, zinapitia transista mbili mpaka kwenye EN (pini ya reset) na GPIO0 (pini inayoamua kama chipu iingie butiloda). esptool, programu ya kuflashi ESP32, inazichezesha hizo laini: inaishikilia chipu kwenye reset, inaishusha GPIO0, afu inaachia EN, chipu inaamka iko butiloda tayari kupokea. Ndo maana bodi isiyo na hiyo saketi inakulazimu ushikilie kitufe cha BOOT kila mara, na hapo hakuna skripti itakayokusaidia, so kabla ya kununua angalia mchoro wa bodi kwanza. Pico ni hadithi nyingine. Mara ya kwanza unashika kitufe cha BOOTSEL, ila kama fimwea yako (programu inayokaa ndani ya bodi) imewasha stdio ya USB ya SDK, yaani serial kupitia USB, baada ya hapo `picotool load -f -x` inairestati bodi na kuipakia bila kugusa kitu. STM32 yenye ST-Link (kifaa cha kuiflashi) ndo rahisi kuliko zote, programu ya OpenOCD unaipa `program firmware.elf verify reset exit` imeisha, na hiyo `verify` usiitoe, ndo inayohakiki kilichoandikwa.

Poti nayo. Usiandike `/dev/ttyUSB0` kwenye skripti, manake ukichomoa na kuchomeka inaweza kurudi ikiwa ttyUSB1. Kwenye Linux tumia majina ya `/dev/serial/by-id/`, hayabadilikibadiliki. Lakini chipu nyingi za CH340 hazina namba yake ya pekee, ukichomeka bodi mbili za hivo zinafanana jina, hapo tumia `by-path` ambayo inafuata tundu la USB lenyewe. Na kama unakataliwa ruhusa usikimbilie sudo, jiongeze kwenye kundi la `dialout` (distro zingine wanaliita `uucp`), toka kwenye akaunti yako uingie tena.

Kuhusu monita, ifungue kwenye terminali yake ya pembeni, isiwe ya ekstensheni. Hivo skripti inaweza kuifunga kwa `fuser -k` kwenye poti, iflashi, iiwashe upya.

Kuna wanaoenda mbali zaidi, kila waki-save bodi inajiflashi. Kwa bodi inayowasha LED tu sawa, ila kwa inayoendesha mota au relei usifanye hivo jamani, mkono wa mtu unaweza kuwa karibu. Na memori ya flashi ya chipu inachakaa pia, STM32F4 kwa mfano datashiti inakuhakikishia mizunguko 10,000 ya kufuta na kuandika.

Kitu ambacho kila projekti yangu lazima iwe nacho ni hiki: Makefile inachukua jibu la `git describe --always --dirty` (jina la toleo la kodi yako kwenye git), inalipitisha kwa kompaila kwa chaguo la `-D`, na fimwea ikiwaka mstari wa kwanza inaoprinti kwenye serial ni huo. Ukiona namba ya komiti unajua kabisa bodi inaendesha nini. Ukiona mwishoni kuna `-dirty`, hiyo fimwea ina mabadiliko ambayo hujayakomiti, usimpe mtu mwingine hiyo bodi.