Tulivyohamia R 4.0 pale Dodoma

R, lugha ya programu ya kuchambua takwimu, ilitoa toleo lake la 4.0.0 Aprili 2020. Kwa tuliokuwa tukiitumia kila siku, jambo zito ndani yake lilikuwa moja: read.csv na data.frame, amri za kusoma na kuunda majedwali, ziliacha kugeuza zenyewe maandishi kuwa fakta (factor). Chaguo-msingi la stringsAsFactors, swichi ya ugeuzaji huo, lililokuwa TRUE miaka na miaka, likawa FALSE. Katika ofisi ya utafiti wa kilimo niliyokuwamo Dodoma, badiliko hilo la neno moja lilituweka mezani asubuhi nzima, kwa sababu msimu wa mavuno ulikuwa umeisha na data za kaya zilikuwa zinaingia kutoka Bahi, Chamwino, Kongwa na wilaya nyingine za mkoa.

Fakta ni safu ya makundi. R haihifadhi jina la kundi katika kila mstari. Inahifadhi namba, pembeni ikaweka orodha ya majina. Wilaya 7 zinakuwa namba 1 hadi 7. Lugha hii ilirithi tabia nyingi kutoka S, lugha ya maabara ya Bell Labs ya Marekani, iliyotengenezwa kwa ajili ya watakwimu, na kwa mtakwimu maandishi kwenye jedwali karibu yote yalikuwa makundi: jinsia, wilaya, aina ya mbegu. Zamani iliokoa pia nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Faida hiyo ilikwisha 2007, R ilipoanza kuhifadhi kila neno mara moja tu hata likijirudia mara elfu. Tabia ikabaki, sababu imeondoka.

Vijana wa mifumo walishangilia. Walikuwa na mfano wa kilo. Mdadisi kule kijijini anauliza kaya imevuna kilo ngapi za mtama, baba mwenye nyumba anajibu kwa madebe, na mdadisi anaandika alichoambiwa. Safu inakuja hivi: 120, 85, 90, debe 4. Hilo “debe 4” moja linatosha kuifanya safu nzima kuwa maandishi. Kwenye R 3.6 maandishi yanakuwa fakta, na ukiita as.numeric, amri ya kugeuza kuwa namba, hupati kilo, unapata namba za makundi: 1, 2, 3, 4. Wastani wa mavuno unatoka 2.5. Hakuna kosa, hakuna onyo, na mtu asiyejua mtama anaweza kuipeleka 2.5 hiyo kwenye ripoti akidhani ni magunia. Kwenye R 4.0 as.numeric ileile inakupa 120, 85, 90 na NA (alama ya thamani isiyopo), pamoja na onyo. Mtu analazimika kurudi kwenye dodoso.

“Sawa, nimekuelewa,” alisema mtakwimu wetu mkubwa, ambaye sote tulimwita Mzee. “Sasa mwanangu, fungua na hii ya kwangu.”

Skripti yake (faili la amri) ya ripoti ya kila mwaka ilizunguka kwa for (w in levels(d$wilaya)) na kuchapa jedwali la kila wilaya. Safu ya maandishi haina levels, yaani orodha ya makundi. Jibu ni NULL, yaani tupu, mzunguko unapita mara sifuri, na skripti inamaliza salama bila jedwali hata moja. Ya pili ilikuwa ramani ya vijiji, kila wilaya na rangi yake: col = rangi[d$wilaya]. Fakta inapotumika hivyo R inachukua namba iliyo nyuma yake, kwa hiyo kundi la 3 linapata rangi ya 3. Maandishi yanatafutwa kama jina, jina halipo, linarudi NA, na nukta yenye rangi NA haionekani. Tukaitazama ramani: mipaka ipo, mhimili upo, vijiji hakuna.

Ya tatu ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa ilikuwa ndogo. Ukichuja wakulima wa zabibu tu kisha ukaita table, amri ya kuhesabu, kwa wilaya, fakta inakumbuka wilaya zote 7 na isiyo na mkulima inaandikiwa 0. Maandishi hayakumbuki kitu, na mstari wa sifuri unapotea. Jedwali linabaki zuri tu, isipokuwa limepungua, na anayelisoma hatajua kama Kongwa haikuwa na mkulima wa zabibu katika sampuli au haikutembelewa kabisa.

Hapo mjadala wa nani yuko sahihi ulinichosha, maana wote walikuwa sahihi. Swali langu lilikuwa la watu ambao hawakuwa chumbani: wanafunzi wa shahada ya uzamili na maofisa wa wilaya tuliowagawia skripti zetu. Hao wanafungua R mara moja kwa mwaka, hawasomi tangazo la toleo jipya, na kompyuta ikiharibika fundi anawawekea toleo la karibuni. Wanaopiga kelele lugha inapobadilishwa, kwa kupinga au kushangilia, ni wale wanaoiandika kila siku, na hao watajirekebisha kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo mimi siulizi ni wangapi skripti zao zitakwama. Skripti iliyokwama inajitangaza. Nauliza ni wangapi watapata jibu tofauti bila kuambiwa.

Kwa kipimo hicho naiunga mkono R. Kosa la kilo lilikuwa la kimya na lilimpata mgeni wa lugha. Hasara za tabia mpya nazo ni za kimya, ila nyingi zinampata mzoefu, mwenye uwezo wa kuzitambua. Mmoja wa vijana alikumbusha kwamba lugha ya Python ilipotaka 7/2 itoe 3.5 badala ya 3, iliweka alama ya // kwa mgawanyo wa kuacha desimali tangu toleo 2.2 la 2001, ikaruhusu anayetaka kuwasha tabia mpya ndani ya faili lake, na ndipo 3.0 ya 2008 ikaigeuza kwa wote. Ni kweli, huo ni ustaarabu. Go, lugha nyingine, ilikwenda mbali zaidi 2024 ilipobadili maana ya kigeu cha mzunguko: moduli (kifurushi cha programu) inayotangaza toleo la zamani inabaki na maana ya zamani. Skripti ya R haina mahali pa kutangaza hivyo, na naona ni pengo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Windows inakubali R 3.6.3 na 4.0.2 kukaa pamoja, kila moja kwenye folda yake, na RStudio, programu ya kuandikia R, inakuachia uchague utumie ipi. Pakeji zote (nyongeza za R) zinapaswa kusakinishwa upya kwa 4.0, kwa hiyo tulizipakua mara moja tukazisambaza kwa flashi. Kisha tukatafuta kwenye skripti zote maneno read.csv, read.table, data.frame, levels na nlevels, tukaendesha kila skripti kwa matoleo yote mawili na kulinganisha matokeo kwa all.equal, amri inayotaja tofauti. Kulinganisha kwa macho hakufai, mstari wa sifuri uliopotea utakupita.

Skripti za ripoti zilizokwisha kuchapishwa tuliziongezea stringsAsFactors = TRUE waziwazi, maana likiandikwa hivyo matoleo yote mawili yanatii. Skripti mpya zinasoma maandishi kama maandishi, kisha wilaya inafanywa fakta kwa factor(), majina 7 yakiwa yameorodheshwa kwa mkono. Mzee ndiye aliyedai orodha ya mkono, na alikuwa na hoja: R ikipanga yenyewe inafuata lugha ya kompyuta, na kwenye seva iliyowekwa mpangilio wa lugha uitwao C herufi kubwa zote zinatangulia ndogo, hivyo “bahi” ya mdadisi mmoja inaangukia nyuma ya “Mpwapwa”.

Nakala za wilayani zilitumwa upya, zikiwa na mstari wa kwanza unaokagua toleo na kusimamisha skripti kwa ujumbe wa Kiswahili kama ni chini ya 4.0.0.